Pua ya Mnyonge: Historia Fupi ya Harufu, Moshi na Watu wa Southall



Tukizungumza historia ya mazingira, sisi wasomi tuna tabia ya kuanzia juu. Tunaanza na mkutano wa Stockholm wa 1972, tunapita Rio 1992, tunamtaja marehemu Profesa Wangari Maathai na tuzo yake ya Nobel ya 2004, halafu tunamalizia na mikutano ya tabianchi ambayo wakubwa hupanda ndege kwenda kujadili moshi wa ndege. Sina ugomvi na historia hiyo, nimeifundisha miaka mingi. Lakini iko historia nyingine isiyo na mkutano wala tamko, nayo inaanzia puani. Mtu anaamka asubuhi, anafungua dirisha, ananusa, analifunga tena. Mama anatoka nje kuanika nguo, anageuka na beseni lake. Babu anamwambia mjukuu: leo upepo mbaya, cheza ndani. Hayo nayo ni maamuzi ya kimazingira, tena ndiyo yanayofanywa mara nyingi kuliko yote. Nani anayaandika?

Nataka niyaandike kidogo kwa kutumia mji ninaoishi tangu miaka ya 1990, yaani Southall, magharibi ya London. Hoja yangu si ngumu. Watu wa kawaida ndio mashahidi wa kwanza wa uchafuzi, na shida yao kubwa haijawa kutojua. Shida ni kutosadikiwa. Na wengi wa mashahidi hawa wa Southall ni watu wa kwetu, wakiwemo ambao hatuna desturi ya kuwahesabu kuwa wa kwetu.

KIWANDA BAINA YA MFEREJI NA RELI

Wengi wenu mnaijua Southall kwa sari, dhahabu, jalebi na muhogo wa kukaanga. Kabla ya hayo yote palikuwa mahali pa mashamba, matofali na viwanda. Mfereji mkubwa wa kutoka London kwenda kaskazini ulichimbwa kupita hapa mwishoni mwa karne ya 18. Stesheni ya reli ikafunguliwa 1839. Mwishoni mwa miaka ya 1860 kampuni ya gesi ya Brentford ikajenga kiwanda cha gesi kwenye kipande cha ardhi kilichobanwa baina ya mfereji na reli. Sababu ni rahisi: makaa ya mawe yataletwa kwa mashua na kwa treni, na gesi itapelekwa majumbani kwa mabomba.

Hebu nieleze kidogo kiwanda kama hicho kilifanya nini, maana bila hilo habari yote haieleweki. Gesi ya siku zile haikuchimbwa ardhini. Ilipikwa. Makaa ya mawe yalitiwa ndani ya tanuri lililofungwa hewa isiingie, yakachomwa kwa joto kali mpaka yakatoa gesi. Gesi hiyo ilitoka chafu, ikabidi isafishwe. Kwanza ikapoozwa, lami ikabaki chini. Ikaoshwa kwa maji, amonia ikabaki. Ikapitishwa kwenye chokaa au kwenye unga wa kutu ya chuma ili kuondoa salfa na sianidi. Ule unga ukishachoka ulikuwa na rangi ya buluu na harufu mbaya, na ulitupwa. Katika viwanda vya namna hii sehemu kubwa ya uchafu ilibaki humo humo uwanjani: lami ilivuja, mashimo yalifukiwa, vifusi vilisawazishwa. Taa zikawaka kwenye vyumba vya watu wa mbali, na udongo wa pale ukameza kilichobaki.

Mwaka 1926 kampuni ya Brentford ilimezwa na kampuni kubwa ya gesi ya London. Mwaka 1949 serikali ikataifisha sekta nzima. Katika miaka ya 1930 likajengwa tangi la gesi kubwa ajabu, karibu mita 90 kwenda juu, lililoonekana kutoka kila upande. Wakazi wa zamani wanalikumbuka kwa herufi kubwa LH zilizopakwa ubavuni. Oktoba 1960 ndege ya Pan Am ilitua kwa makosa kwenye uwanja mdogo wa Northolt ikidhani ni Heathrow, basi matangi mawili ya gesi yakaandikwa herufi ili marubani wasikosee tena. Tangi la Southall likawa la Heathrow, la South Harrow likawa la Northolt. Yaani hata huko angani Southall ilijulikana kwa gesi yake.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Desemba 1952 London ilifunikwa na ukungu wa moshi kwa siku tano. Hesabu za wakati ule zilisema waliokufa walikuwa kama 4,000, na utafiti wa baadaye ukapandisha hesabu hiyo hadi kama 12,000. Sheria ya Hewa Safi ikapitishwa 1956. Husifiwa kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini ilifanyaje kazi? Watu waliambiwa waache kuchoma makaa ya mawe sebuleni, watumie nishati isiyotoa moshi: gesi, umeme, na yale makaa yaliyokwisha kupikwa, ambayo huitwa koki. Sasa gesi na koki vilitoka wapi? Vilitoka kwenye viwanda kama cha Southall. Moshi ulipoondolewa kwenye dohani za wengi, sehemu ya kazi chafu ilihamia kwa wachache waliokaa karibu na matanuri. Hewa safi ya mtaa mmoja ililipiwa na pua za mtaa mwingine.

WALIOKUJA KUKAA CHINI YA TANGI

Na ni nani hao wachache? Katika miaka ya 1950 Wapunjabi walianza kufika Southall kwa kazi katika kiwanda cha mpira cha Woolf, mpakani na Hayes. Mpira hupikwa kwa joto na salfa, kwa hiyo mtu alirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye nywele na kwenye koti. Mwaka 1957 chama cha wafanyakazi wa Kihindi kilianzishwa mjini, na 1965 wafanyakazi wa Woolf wakagoma. Mgomo huo umeandikwa kama historia ya kazi na ubaguzi wa rangi, na ni sawa. Ila mimi nauliza: mtu anayesimama saa kumi kwenye mvuke wa salfa ana mazingira au hana? Kwa nini msitu wa Karura uwe mazingira na karakana ya Woolf isiwe?

Baadaye wakaja wa kwetu. Kenya ilipobana leseni za biashara na vibali vya kazi mwaka 1967, Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza walikimbilia huku, mpaka bunge la Uingereza likawafungia mlango kwa sheria ya Machi 1968. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, na zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza. Wengi walikwenda Leicester na kaskazini-magharibi ya London, lakini Southall nayo ilipata fungu lake.

Hawa wamekiweka Kiswahili mitaani kuliko sisi wenye shahada zake. Ingia mkahawa wowote hapa, orodha ya vyakula itakwambia “mogo”. Ni muhogo wetu huo, umepoteza kiungo kimoja baharini. Ndani ya majumba utasikia Kigujarati au Kipunjabi chenye sufuria, kisu na fagio ndani yake. Baada yao wakaja Wasomali, wengine wakiwa wamepitia Nairobi na Mombasa, na Kiswahili chao kizuri kabisa. Sisi Waafrika wa Kenya na Tanzania tuko wachache, tumetawanyika.

Mzee mmoja mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka ninalonunua unga, aliwahi kunieleza alivyopata nyumba yake ya kwanza mapema miaka ya 1970. Nilimuuliza kama harufu ya gesi haikumsumbua. Akacheka. “Mwalimu,” akaniambia, “wenye nyumba walikuwa wanatuangalia rangi, na sisi tuanze kuwauliza hewa?” Nyumba ilikuwa nafuu, mlango ulifunguliwa, akaingia. Mkewe akajifunza siku za kuanika nguo nje na siku za kuanika ndani kwa kuangalia upepo unatoka upande gani. Hakuna aliyeyaita hayo mazingira. Yaliitwa kufua.

Sasa tuangalie kalenda, maana sisi wanahistoria tunapenda kalenda. Juni 1972 dunia ilikutana Stockholm na kutangaza kwamba mazingira ni suala la wanadamu wote. Agosti mwaka huo huo Amin akatoa amri yake. Desemba, Umoja wa Mataifa ukaunda shirika lake la mazingira, UNEP, na ukaamua makao yawe Nairobi. Kwa hiyo katika miezi ile ile ambayo Afrika Mashariki ilikuwa inaandaliwa kuwa makao makuu ya mazingira ya dunia, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wanashuka Heathrow na masanduku yao, wengine wakienda kukaa karibu na tangi la gesi. Historia ya kwanza ina kumbukumbu zilizopangwa vizuri kwenye makabati ya Gigiri. Ya pili iko vichwani mwa wazee wenye miaka themanini na kitu.

NENO LENYEWE

Nadhani sehemu ya tatizo iko kwenye lugha, na hapa wataalamu wa Kiswahili mtanisahihisha. Neno mazingira lina asili ya kuzinga, kuzingira, kuzunguka pande zote. Ni neno zuri mno. Mazingira ni kile kilichonizunguka mimi nilipo: ukuta, jirani, jalala, upepo, bosi. Tulipolichukua kutafsiri istilahi ya Kizungu tukalipandisha cheo. Likahamia msituni, baharini, kwenye tembo na theluji ya Kilimanjaro. Leo ukimuuliza mtu wa kawaida kuhusu mazingira atakwambia kupanda miti. Hatakuambia habari za kikohozi cha mtoto wake wala moshi wa jirani anayechoma plastiki, kwa sababu hayo anayaita maisha tu. Halafu sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko wa mazingira! Mwamko wanao, tatizo ni dodoso letu.

UDONGO ULIPOFUNGULIWA

Turudi Southall. Gesi ya asili iligunduliwa Bahari ya Kaskazini mwaka 1965, na katika miaka kumi na kitu iliyofuata nchi nzima ikahamia huko. Upishi wa gesi kwa makaa ukaisha. Kiwanda cha Southall kikanyamaza katika miaka ya 1970, na baadaye sehemu ya uwanja ikawa maegesho ya muda mrefu ya magari ya wasafiri wa Heathrow. Kwa muda udongo ulilala na siri zake.

Ardhi ya London haiachwi ilale, lakini. Ukaja mpango wa kujenga nyumba zipatazo 3,750 pale. Halmashauri ya Ealing iliukataa, ila meya wa London wa wakati huo, Boris Johnson, akalichukua shauri mikononi mwake na kuuidhinisha mwaka 2010. Ili kujenga ilibidi udongo usafishwe, na kazi ya kuufukua na kuutibu ikaanza 2016. Mahali pa kuutibia wenye kazi walipaita hospitali ya udongo. Jina tamu. Wagonjwa wengine waliojitokeza hawakuwa udongo.

Wakazi walianza kulalamika harufu. Wengine walisema petroli, wengine lami mbichi, wengine vile vidonge vyeupe tunavyotia kabatini kufukuza nondo. Waliosema vidonge hawakuwa wanaota ndoto: vidonge vya namna hiyo kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa naftalini, na naftalini hutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, yaani uchafu ule ule wa kiwanda cha gesi. Bila maabara wala shahada ya kemia, pua zao zilikuwa zimesoma historia ya uwanja ule barabara. Walieleza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kubanwa kifua. Walipiga simu halmashauri, wakaandika barua, wakahudhuria mikutano, wakaandamana. Wakaunda kikundi chao, Clean Air for Southall and Hayes, cha watu wa dini na rangi mbalimbali, wengi wao wakiwa hawajawahi kujiita wanamazingira.

Majibu rasmi yalikuwaje? Shirika la afya ya umma la England la wakati huo liliangalia vipimo vya hewa na kusema haielekei kuwa vina madhara ya muda mrefu kwa afya, ingawa harufu yenyewe inaweza kumfanya mtu aumwe kichwa au ajisikie vibaya. Wakazi wengi hawakuridhika. Na hapa nataka tuwe waadilifu, tusikimbilie kushangilia upande mmoja.

Pua si chombo kamili. Naftalini mtu huinusa hata ikiwa kidogo sana. Benzeni, ambayo ni hatari zaidi, huweza kuwepo kwa kiwango cha kutia wasiwasi kabla hujainusa. Hewa ya ukaa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, ile monoksidi, haina harufu kabisa. Kwa hiyo kunusa si ushahidi wa sumu, na kutonusa si ushahidi wa usalama. Anayesema kila harufu ni kansa anakosea.

Lakini mashine nayo ina mipaka yake. Inapima pale ilipowekwa, inapima kile ilichoagizwa kupima, na mara nyingi inatoa wastani wa muda mrefu. Mtu haishi kwa wastani. Mtu anaishi Jumanne saa mbili asubuhi anapompeleka mtoto shule na upepo unatoka upande wa uwanja. Pua inashuhudia jambo moja ambalo mashine hailisemi: kwamba kitu kilichokuwa mahali pake kimetoka, kimeingia nyumbani kwangu, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Hilo ni swali la haki kabla ya kuwa swali la kemia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekilalia anaweza kukosea idadi ya kunguni, lakini usimwambie hakuumwa.

Kilichoniuma mimi kama mwanahistoria ni namna malalamiko yalivyopokelewa katika mazungumzo ya kawaida. Nimewasikia watu wenye elimu zao, wa mitaa ya mbali, wakisema ati hao wa Southall wamezoea kulalamika, mbona mji wenyewe unanuka bizari na vitunguu. Yaani pua ya mtu inanyang'anywa ushahidi kwa sababu ya chakula anachopika. Wazazi wa baadhi ya walalamikaji walikaa na gesi miongo mitatu bila kufungua mdomo, kwa sababu nyumba na kazi zilikuwa vita vya kutosha. Watoto wao waliposema, wakaulizwa: mbona wazazi wenu hawakusema? Kimya cha mnyonge kinageuzwa kuwa cheti cha hewa safi.

OWINO UHURU

Anayedhani haya ni ya Ulaya tu aje nami Mombasa. Nimekulia Changamwe, na harufu ya kiwanda cha kusafisha mafuta ilikuwa saa yetu ya ukutani. Ilibadilika na upepo, nasi tukabadilika nayo. Si mbali na hapo, Mikindani, kuna mtaa wa Owino Uhuru wenye watu wapatao 3,000. Kuanzia 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi kilifanya kazi ukutani mwa mtaa huo. Watu waliona watoto wanaumwa, mifugo inakufa, moshi unawasha koo. Phyllis Omido, aliyeajiriwa pale 2009, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini. Aliacha kazi, akaanza kugonga milango.

Milango haikufunguka haraka. Kiwanda kilifungwa 2014. Omido alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kesi ikafunguliwa 2016, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu wenyewe: tangu moshi wa kwanza mpaka neno la mwisho la majaji, miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kinafunguliwa alikuwa kidato cha mwisho.

Silinganishi sumu na sumu. Owino Uhuru risasi ilipimwa kwenye damu za watu na mahakama ikatamka. Southall hakuna hukumu ya namna hiyo, na mambo bado yanabishaniwa. Ninacholinganisha ni mwendo wa ushahidi. Kwanza mwili unajua. Halafu jirani anaulizwa, na wewe umesikia? Halafu akina mama wanaanza kukutana. Halafu wenye mamlaka wanasema vipimo viko sawa, au leseni iko sawa. Halafu anatakiwa mtu mmoja mwenye roho ngumu asiyeogopa kuonekana kichaa. Mwendo huu nimeukuta Mikindani na nimeukuta karibu na mfereji wa Southall, na sidhani ni bahati tu.

MOSHI USIONUSIKA

Jambo la mwisho ni gumu zaidi, maana linatugusa sisi wenyewe kama wachafuzi. Februari 2013 mtoto wa miaka tisa, Ella Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu kusini-mashariki ya London, karibu na barabara yenye magari mengi. Mama yake, Rosamund, alipigana miaka mingi, na Desemba 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo akatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kwa jambo hilo kuandikwa hivyo. Moshi uliohusika hapo ni ule wa magari, ambao mara nyingi hatuunusi tena kwa sababu tumeuzoea.

Agosti 2023 ushuru wa magari machafu, pauni 12.50 kwa siku, ukapanuliwa kufika London yote, Southall ikiwemo. Mwezi mmoja kabla, wapiga kura wa jirani zetu wa Uxbridge walikuwa wamefanya uchaguzi mdogo ambao ushuru huo ulikuwa ndiyo gumzo. Hapa mtaani nilisikia watu walewale waliolalamikia harufu ya udongo wakilaani ushuru wa gari. Wanafiki? Hapana, jamani. Fundi mwenye gari kuukuu la dizeli, au mama anayetoka saa kumi usiku kwenda kusafisha ofisi kabla mabasi hayajachanganya, anajua moshi ni mbaya kuliko mimi ninayepanda treni saa tatu. Anachouliza ni kwa nini bili imeanza kwake. Ni swali lile lile la 1956: hewa safi, sawa, lakini nani analipa?

Na watu hawa hawa wanafanya mengi ambayo wala hayahesabiwi. Kopo la aiskrimu linakuwa chombo cha bizari mpaka lipasuke. Nguo za mkubwa zinamshukia mdogo. Maji ya kuoshea mchele yanamwagiliwa mchicha. England ilipoanza kutoza peni tano kwa mfuko wa plastiki Oktoba 2015, wazee wa hapa walishangaa kelele, mifuko yao walikuwa wakiikunja na kuitumia tena tangu zamani. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, na kikapu cha ukindu kikarudi sokoni kwa heshima. Vizazi vilivyofunzwa ubanifu na shida vilikuwa mbele ya sera. Tusiwafanye watakatifu, wengi wangenunua vipya kama wangekuwa na pesa. Ila tusiwaandike wajinga pia.

KAZI ILIYOBAKI

Tangi la LH halipo tena, lilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 2010, na maghorofa yamesimama. Kumbukumbu za kampuni za gesi zipo, unaweza kuomba kuona tani ngapi za makaa zilichomwa. Kisichokuwepo ni upande wa pili: upepo ulinuka vipi, watu walifanya nini, walimwambia nani, wakajibiwa nini. Hayo yako kwa watu, na watu wanaondoka. Yule mzee wa Kisumu duka ameshamwachia mwanawe, na mkewe, aliyeijua ramani ya upepo wa Southall kuliko mtu yeyote niliyekutana naye, alifariki kabla sijamrekodi neno.

Basi naomba jambo moja. Kila mmoja wetu anaishi mahali penye kiwanda, uwanja wa ndege, jalala au bandari, iwe ni Toronto, Muscat, Minneapolis au Tanga. Tuwaulize wazee wetu na majirani zetu, kwa Kiswahili chao cha kawaida, bila kutaja mazingira wala tabianchi. Tuwaulize: nguo mlikuwa mnaanika wapi? Dirisha gani mlikuwa hamfungui? Watoto mlikuwa mnawakataza kucheza wapi, na kwa nini? Tuandike majibu na tarehe zake. Siku mashauri kama haya yatakapofika tena mbele ya wakubwa, pua ya mnyonge iwe na karatasi mkononi.

Naomba kuwasilisha.